Mambo ya Kufurahia Pamoja na Wazee Wetu

Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko alianzisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani. Huadhimishwa Dominika ya nne ya mwezi Julai, karibu na kumbukumbu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria.

Wapendwa waamini, mara nyingi tunawapelekea wazee sukari na sabuni, kisha tunaaga upesi. Zawadi hizo ni njema, lakini mzee hutamani pia kuwa na la kutoa. Cheza naye bao, akufundishe mbinu zake. Sukeni ukili au chambueni mchele pamoja. Asiyeona vema aombwe hadithi, vitendawili na majina ya wahenga wa ukoo, kijana ayaandike. Kwa anayechoka haraka, nusu saa kivulini yatosha. Asiyeweza kufika kanisani, salini naye Rozari Takatifu, yeye akiongoza.

Nabii Anna, mjane wa miaka 84, ndiye aliyewasimulia watu Hekaluni habari za Mtoto Yesu (Lk 2:36-38). Mzee bado ana utume. Tumwulize angali nasi.