Mombasa na Ghala la Mbali

Tangu kale Mombasa imekuwa mlango. Kaskazi ilivuma ikaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakatia nanga katika Bandari ya Kale. Na kusi iliposhika, yakarejea kwao na pembe na boriti. Wareno waliitambua thamani ya mlango huo, ndipo mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome ya Fort Jesus.

Lakini habari nazo ni bidhaa. Zamani barua ilingoja upepo kama ilivyongoja tende. Mwaka 1879 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea mpaka Durban. Na mwaka 1890 Mombasa nayo ikaunganishwa na Unguja. Habari iliyokuwa ikichukua majuma mengi ikawa yafika kwa muda mfupi.

Miaka 119 baadaye, mwezi wa Juni 2009, mkongo uitwao TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah, na mwezi uliofuata mkongo wa SEACOM ukaanza kazi. Ndani ya mikongo hii mna nyuzi za kioo, nyembamba mithili ya unywele, na habari husafiri humo kwa mwanga. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, ambayo gharama yake ilikuwa kubwa na mwendo wake mdogo.

Hapo ndipo lilipozoeleka neno "wingu". Mwanafunzi asidhani kwamba wingu hilo liko angani. Ni majumba yaliyojengwa ardhini, yamejaa kompyuta, na nafasi ndani yake hukodishwa, kama vile mfanyabiashara asiye na ghala akodivyo chumba katika ghala la mwenziwe. Kijana atungaye programu ya simu hana haja ya kununua mitambo ya thamani kubwa. Hulipa kadiri ya anavyotumia. Faida hii si ndogo kwa vijana wanaojifunza kazi hiyo Swahilipot, mahali palipoanzishwa mwaka 2016 kando ya Fort Jesus.

Hata hivyo, ghala la kukodi lina mashaka mawili. La kwanza ni njia. Mwezi wa Februari 2012, meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikaukata mkongo wa TEAMS, na mawasiliano ya Kenya na ya majirani zake yakazorota. Nanga moja iliweza kufanya hayo.

La pili ni ufunguo. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007. Lakini mitambo iliyotunza hesabu zake ilikuwa Ulaya, hata mwaka 2015 ilipohamishwa kutoka Ujerumani ikaletwa Kenya. Kabla ya hapo, mchuuzi wa Marikiti aliyemtumia fedha nduguye wa Kongowea, ng'ambo ya pili ya maji, daftari la fedha zake lilikuwa katika nchi ya mbali. Mwaka 2019 Kenya ilitunga sheria ya kulinda habari za watu. Lakini sheria pekee haijengi ghala.

Je, yatupasa kulikataa ghala la mbali? La. Kutunza mitambo nyumbani kwataka umeme usiokatika, ubaridi wa kudumu na mafundi hodari, na yote hayo yana gharama. Lakini historia ya kisiwa hiki yaonyesha kwamba wenyeji hawakustawi kwa kutazama majahazi yakipita. Walistawi walipokuwa na majahazi yao, maghala yao na daftari zao, huku wakifanya biashara na ulimwengu mzima.

Mikongo imekwisha kufika pwani. Kama vijana wa Mombasa watakuwa wapagazi wa bidhaa hii mpya au wenye mali, hilo litategemea elimu yao.