Redio Ndogo za AM Marekani: Mbona Ziko Karibu Kuzima?

Wengi wetu tumekulia FM, lakini Marekani redio ilishika moto na AM: KDKA ya Pittsburgh iliingia hewani Novemba 1920. Leo stesheni ndogo za AM huko zinasota, na si juu ya Spotify pekee.

Kwanza, usiku mawimbi ya AM husafiri mbali na kugongana, kwa hivyo sheria inalazimisha nyingi zipunguze nguvu ama zizime jua likizama. Pili, mitambo yake inakula shamba kubwa. Karibu na mji, ploti inaweza kuwa na doo kushinda stesheni yenyewe. Tatu, mota za magari ya stima huletea AM kelele. Tesla na BMW walishaitoa kwa baadhi ya magari. Ford ilipanga kuitoa pia, lakini 2023 ikarudi nyuma baada ya presha.

Wadosi wengi wamepewa masafa madogo ya FM wapumue. Shida ni, hiyo FM inaruhusiwa tu kurudia matangazo ya AM. AM ikizima, zote zimeenda, na mtaa unabaki bila wa kutangaza matanga, mechi za shule ama mafuriko.