Ukuta wa Posta, Msitu wa Pande

Nimeanzia Sinza kwa sababu sentensi yenyewe ilianzia Sinza. Ilikuwa Jumamosi, Januari 14, 2006. Polisi wa Dar es Salaam walisema majambazi wanne wameuawa katika majibizano ya risasi karibu na ukuta wa Posta, Sinza C, baada ya kupora fedha za kampuni ya Bidco barabara ya Sam Nujoma. Habari hiyo haikumshtua mtu. Jiji lilikuwa limechoshwa na ujambazi wa silaha, na aliyeisikia alishusha pumzi akaendelea na shughuli zake.

Nimezunguka eneo hilo mchana wa Jumamosi nyingine, miaka mingi baadaye. Fundi anapuliza rangi bampa lililoegemezwa kwenye mti, na vumbi la rangi linatua kwenye beseni la mihogo ya mama wa jirani. Nyumba zimebanana. Mtu akikohoa chumbani, mpangaji wa nyumba ya pili anajua kama kikohozi ni kikavu au kina makohozi. Nilisimama nikajiuliza swali lililopaswa kuulizwa usiku uleule: kama watu wanne walipigana risasi na polisi hapa, mtaa huu uliwezaje kuendelea kula chakula cha jioni?

Waliouawa hawakuwa majambazi. Watatu walikuwa wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge, wilaya ya Ulanga mkoani Morogoro, nchi ya rubi na spineli. Wa nne alikuwa dereva teksi wa Manzese aliyewabeba. Walikamatwa wakiwa hai Sinza Palestina, wakapakiwa kwenye magari ya polisi. Tangu dakika ile walikuwa mikononi mwa dola. Hawakufikishwa selo, hawakuandikwa kwenye kitabu cha mahabusu, na hakimu hakuwaona. Ndiyo maana kesi yao naiita kesi ya kifo cha mahabusu, ingawa hakuna kituo kilichowafungulia mlango. Mtu akishawekwa chini ya ulinzi, roho yake ni dhamana ya aliyemkamata, awe kwenye selo ya saruji au nyuma ya difenda inayokwenda mbio.

Ndugu wa marehemu walikataa. Walijua watu wao walikuwa wanafanya biashara gani, na hawakuwa tayari kuzika majina ya majambazi. Kelele zao zilifika Ikulu, ambako Jakaya Kikwete alikuwa ndiyo kwanza ameingia. Akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, nayo ikaona kwamba hadithi ya majibizano ya risasi haisimami na kwamba waliokufa walikuwa wafanyabiashara. Hapo ndipo polisi walipoanza kuwakamata polisi wenzao, akiwemo Abdallah Zombe, aliyekuwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa wa Dar es Salaam, na Christopher Bageni, mkuu wa upelelezi wa Kinondoni.

Natamani msomaji atue hapa kidogo. Sheria ya mauaji haikubadilika hata nukta kati ya usiku wa Januari 14 na siku tume ilipomaliza kazi. Kilichobadilika ni mwandishi. Usiku wa kwanza sababu ya kifo iliandikwa na watu walewale waliokuwa na bunduki. Baadaye iliandikwa na watu wengine. Na tume ya rais si kitu ambacho kila mama wa Tandika au Mbagala anaweza kukipata mwanawe akirudishwa kwake akiwa maiti.

Kutoka Sinza nilishika barabara ya Morogoro: Ubungo, Kimara, hadi Mbezi Luis. Mwaka 2006 yote hii ilikuwa wilaya ya Kinondoni. Leo ni Ubungo, na pale Mbezi kimesimama kituo kikubwa cha mabasi chenye jina la Magufuli, abiria wa Mwanza na Songea wakiburuta mabegi chini ya taa. Kutoka hapo nilipanda bajaji. Lami inakwisha, nyumba zinaanza kuachana, matofali yamepangwa kwenye viwanja visivyojengwa, kila kiwanja na maandishi mekundu kwamba hakiuzwi. Kisha miti.

Pande ni kipande cha msitu wa asili kilichosalia ukingoni mwa jiji. Sasa ni pori la akiba, na watu huenda kutembea na watoto. Ukiingia, sauti za bodaboda zinafifia haraka kuliko ulivyotarajia. Majani makavu yanalia chini ya viatu, na hewa ina harufu ya udongo uliofunikwa muda mrefu. Hakuna kibao wala jiwe. Sikutegemea kukuta, lakini macho yaliendelea kutafuta. Hapa ndipo, kwa ushahidi ulioikubalisha Mahakama ya Rufani, wale wanne walipoletwa na kupigwa risasi. Pande imebaki na sifa hiyo. Juni 2012, Dk Steven Ulimboka, kiongozi wa madaktari waliokuwa kwenye mgomo, alitekwa na kuokotwa upande wa Mabwepande akiwa hoi kwa kipigo. Wenyeji wa Dar wakisema mtu kapelekwa Mabwepande, hakuna anayeomba ufafanuzi.

Kutoka Sinza Palestina hadi hapa ni mwendo mrefu, hata usiku barabara ikiwa tupu. Nimeupima kwa mwili wangu na naomba usichukuliwe kama takwimu ya kijiografia. Mtu anayeua kwa hofu, risasi zikimjia, haendi umbali huu. Katika njia hii zipo nafasi nyingi za kugeuza gari, na vituo vya polisi vyenye kaunta na kalamu. Kila nafasi iliyopitwa ni ushahidi wa nia.

Mahakama Kuu ilisikiliza mashahidi 37. Agosti 17, 2009, Jaji Salum Massati aliwaachia huru Zombe na wenzake wanane. Hakusema kwamba watu hawakuuawa. Alisema waliowaua hawakuwa mbele yake, akautaka upande wa mashtaka uwatafute wauaji halisi. Koplo aliyetajwa kuwa ndiye aliyefyatua risasi alikuwa ametoroka, wala hakusimama kizimbani pamoja na wenzake. Mshtakiwa mwingine alikuwa amefariki kabla ya hukumu. Nakumbuka hasira za watu siku ile, na nakiri nami nilikuwa nazo. Leo nikiirudia hukumu ile naona kwamba hasira yetu ilikosa pa kulenga. Jaji hana mbwa wa kunusa wala gari la doria. Anapima kilicholetwa mezani, na kilicholetwa mezani kilipikwa na jeshi lilelile ambalo watu wake walikuwa wanashtakiwa.

Mkurugenzi wa Mashtaka alikata rufaa. Mwaka 2013 rufaa hiyo ikatupwa kwa kasoro katika hati ya taarifa ya rufaa. Miaka saba tangu msitu, familia zikaambiwa karatasi haikuandikwa sawasawa. Ikaanza upya. Septemba 16, 2016, Mahakama ya Rufani ikasoma uamuzi: Zombe hana hatia, kwa kuwa ushahidi haukumfikisha kwenye tukio wala kwenye amri; Bageni ana hatia ya mauaji, adhabu ni kunyongwa hadi kufa.

Kilichombana Bageni ndicho kiini cha safari yangu. Hakuhukumiwa kwa kuvuta kifyatulio. Kanuni ya Adhabu inasema anayetenda kosa, anayesaidia na anayeamuru litendwe wote ni wakosaji wa kosa lilelile. Polisi waliokuwa naye kwenye msafara, washtakiwa wenzake, walieleza kwamba alikuwepo Pande na ndiye aliyekuwa na amri. Kwa hiyo kukosekana kwa mkono hakukuuokoa mdomo. Ni hukumu nzito katika nchi ambayo utetezi wa kwanza wa askari ni kwamba alitumwa, na utetezi wa kwanza wa mkubwa ni kwamba hakugusa mtu. Lakini tazama ilivyopatikana: kwa sababu watu waliokuwa ndani ya gari waliamua kusema. Wangenyamaza, Pande ingebaki miti tu.

Njia hii haikuanza mwaka 2006. Miaka thelathini nyuma, mwaka 1976, serikali iliendesha operesheni Mwanza na Shinyanga kuwasaka waliokuwa wakiua vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Watuhumiwa wakateswa mikononi mwa vyombo vya dola, baadhi wakafa. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, naye Peter Siyovelwa, waziri katika Ofisi ya Rais, akafanya hivyo. Mwinyi hakumpiga mtu. Alisema waliofanya walikuwa chini yake, basi. Miaka minane baadaye alikuwa Rais, na watu wazima wa nchi hii bado wanakitaja kitendo kile wakitaka kueleza maana ya uwajibikaji. Nakiheshimu. Hata hivyo kujiuzulu ni heshima ya mtu, na heshima haiwezi kudaiwa mahakamani. Mjane hawezi kufungua shauri akidai waziri awe muungwana.

Kwa hiyo nimekuwa nikitafuta kesi ambazo sheria ilifika, na kila nikiipata moja naulizia nani aliandika sentensi ya kwanza na nani aliivunja. Septemba 2, 2012, mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa Nyololo, Mufindi, akiwa amezungukwa na polisi. Picha zilizopigwa na waandishi wenzake zilionyesha alivyozingirwa. Julai 2016 askari Pacificus Cleophace Simon alifungwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Kamera ilikuwa mkononi mwa raia.

Kuna Mtwara pia, na hii ilinitoa jasho kwa jinsi inavyofanana na Pande. Januari 2022, kijana mfanyabiashara wa madini kutoka Nachingwea alikufa mikononi mwa polisi, na mwili wake ukatupwa porini. Ni biashara ileile, na pori lilelile kwa jina jingine. Polisi saba wakashtakiwa. Juni 2025 Mahakama Kuu iliwahukumu wawili kunyongwa na kuwaachia wengine. Safari hii ilichukua miaka mitatu na nusu, si kumi. Ni hatua, nami nasema hivyo kwa moyo wote. Ila nayo ilisukumwa na familia iliyokataa kunyamaza.

Kinondoni yenyewe inajua upande wa pili. Februari 16, 2018, Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, alipigwa risasi akiwa ndani ya daladala eneo la Mkwajuni, polisi walipokuwa wakitawanya waandamanaji. Hakuwa mahabusu, alikuwa abiria. Jalada lilifungwa na hakuna askari aliyesimama kizimbani. Risasi ilitoka, lakini kisheria haikutoka kwa mtu.

Majirani zetu wa pwani ya kaskazini wametuonyesha mlango ambao na sisi tunao. Mei 2012 kijana Mwingereza, Alexander Monson, alikufa baada ya kushikiliwa kituo cha polisi cha Diani. Polisi walisema ni dawa za kulevya. Mahakama ya Mombasa ikafanya uchunguzi wa kifo, hakimu akasikiliza madaktari na mahabusu waliokuwepo, akaona kijana alipigwa, akaelekeza polisi wanne washtakiwe. Novemba 2021 walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Na Juni 2025, Albert Ojwang alipofia kituo kikuu cha Nairobi, polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliochunguza maiti walisema majeraha hayalingani na maelezo hayo, na ndani ya mwezi huohuo watu walishtakiwa kwa mauaji, mkuu wa kituo akiwa mmoja wao. Ukuta tena. Sijui kwa nini polisi wa Afrika Mashariki hupenda kukabidhi lawama kwa kuta.

Tanzania tuna Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, tangu 1980. Inataka mtu akifia polisi au gerezani, hakimu achunguze. Haisubiri tume, wala familia yenye sauti, wala gazeti. Sheria hii ndiyo ingemnyang'anya polisi kalamu ya sentensi ya kwanza asubuhi ya Jumapili ile ya Januari 15, 2006. Hakimu angesimama kwenye ukuta wa Posta akatafuta tundu za risasi. Angewaita wakazi. Angemuuliza daktari. Haikuhitaji msitu kukaa kimya miaka kumi. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti Julai 2023, ilikwenda mbali zaidi ikapendekeza upelelezi uwekwe kwenye chombo chake chenyewe. Mimi ningeridhika, kwa kuanzia, kuona Sura ya 24 ikitolewa kabatini kila maiti inapotoka selo ya Chang'ombe, Oysterbay au Mburahati.

Jua lilikuwa limeshuka nilipotoka porini. Dereva wa bajaji alikuwa ameniambia atasubiri nusu saa. Nilimkuta amekwishageuza chombo, kimeelekea Mbezi, injini inanguruma. Ni kijana, mwaka 2006 lazima alikuwa hajaanza shule. Nilimwomba dakika tano nyingine niandike.

"Hapana kaka," alisema, akiangalia miti nyuma yangu. "Giza likiingia, mimi abiria simsubiri huku."

Nilipanda, nikamwuliza ni kiasi gani hadi Manzese.