Chombo cha Kuandikia na Mamlaka ya Kuchagua: Mpanda na Katavi tangu Karema hadi Kompyuta Mpakato

Desturi ya kulinganisha bidhaa kabla ya kununua huhitaji mambo mawili ambayo kwa kawaida hudhaniwa kuwa yapo tu: kwamba sokoni kuna zaidi ya bidhaa moja ya aina ileile, na kwamba mlipaji ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu kitakachonunuliwa. Katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi, mambo hayo hayakukutana, kwa upande wa vyombo vya ofisi, mpaka karne ya 21 ilipokwisha kuanza. Kabla ya hapo mashine za kuandikia na za kurudufu zilichaguliwa London, Dar es Salaam au Sumbawanga, na karani wa Mpanda alipokea kilichofika. Ndiyo maana historia ya kompyuta mpakato katika mkoa huu, yaani kompyuta inayobebeka ambayo skrini, kibodi na betri yake vimo katika umbo moja, haiwezi kuandikwa bila kwanza kuuliza ni nani aliyekuwa akichagua, na kwa vigezo vipi.

Kazi ya kuandika kumbukumbu kwa utaratibu wa kiofisi inaonekana mapema huko Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika kituo kilichoanzishwa mwaka 1879 na Ernest Cambier kwa niaba ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kisha mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wajulikanao kwa jina la White Fathers. Shirika hilo liliagiza kila kituo kitunze shajara, yaani daftari la matukio ya kila siku, na kwa hiyo wino na karatasi vilikuwa mahitaji ya lazima kama dawa na mbegu. Kila kitu kilichotoka pwani kilipanda mabegani mwa wapagazi, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikadiriwa kuwa kilo 30 hivi. Kigezo cha kwanza cha ubora wa chombo cha ofisi katika nchi hii kilikuwa uzito wake, na kigezo cha pili kilikuwa uwezo wake wa kuvumilia safari.

Mashine ya chapa, ile iliyopiga herufi kwenye karatasi kwa nyundo ndogo za chuma, ilienea pamoja na utawala wa Kiingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Serikali ya Tanganyika iliagiza vifaa vyake kwa kupitia Crown Agents, taasisi ya London iliyonunua kwa niaba ya makoloni, na kwa utaratibu huo afisa wa wilaya hakuwa mnunuzi bali mwombaji. Hali ilibadilika kidogo mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati kampuni ya Uruwira Minerals ilipoendeleza mgodi wa risasi wa Mpanda, madini ambayo yaliandamana na dhahabu, fedha na shaba, na reli ya tawi yenye urefu wa kilomita 210 hivi ikajengwa kutoka Kaliua ili kuyasafirisha. Reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya kuondoa mzigo, si kuuleta, lakini mabehewa yaliyokwenda na madini yalirudi na saruji, vitabu vya hesabu na vifaa vya ofisi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na kwa miongo mingi iliyofuata ndiyo iliyoamua ni bidhaa gani ingefika Mpanda wakati wa masika, barabara zilipokatika.

Kwa mazingira ya Mpanda, mashine ya chapa ilikuwa na sifa ambayo vyombo vilivyoifuata vilichukua muda mrefu kuifikia: haikuhitaji umeme. Iliposhindwa kufanya kazi, chanzo kilionekana kwa macho, iwe ni utepe wa wino uliochakaa au mkono wa herufi uliopinda, na fundi wa kawaida mwenye mafuta na koleo aliweza kuirekebisha. Mpangilio wa herufi zake ulikuwa mmoja, kiasi kwamba mpiga chapa aliyefunzwa katika Chuo cha Uhazili cha Tabora, taasisi ambayo baadaye iliingizwa katika Chuo cha Utumishi wa Umma kilichoundwa mwaka 2000, aliweza kukaa mbele ya mashine yoyote katika wilaya yoyote na kuanza kazi. Pembeni yake ilikuwapo mashine ya kurudufu kwa stensili, iliyopitisha wino kwenye karatasi maalumu iliyotobolewa kwa herufi, na ambayo shule zilitegemea kwa mitihani hata baada ya kompyuta kuwa jambo la kawaida mijini. Vyombo hivyo viwili vinastahili heshima kubwa kuliko vinayopewa na waandishi wengi wa historia ya teknolojia, ambao huvitaja kwa haraka ili wafike kwenye kompyuta.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, biashara ya kuagiza bidhaa kutoka nje iliwekwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa, na tangu mwaka 1973 usambazaji ukagawiwa kampuni za biashara za mikoa, zilizofahamika kwa kifupi cha RTC. Mwaka 1974 Wilaya ya Mpanda iliondolewa katika Mkoa wa Tabora na kuunganishwa na Sumbawanga kuunda Mkoa mpya wa Rukwa. Tangu hapo maombi ya vifaa yalielekea kusini, kwenye makao makuu yaliyokuwa mbali na reli, huku reli yenyewe ikiendelea kuelekea Tabora. Mwaka huohuo serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, iliyoitwa ICT 1500, ilikuwa imefungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini gharama zake kwa fedha za kigeni na matatizo ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine yaliwafanya viongozi waone kuwa chombo hicho kilikuwa anasa ambayo taifa halikuimudu. Ofisi iliyotaka kompyuta ililazimika kuomba kibali maalumu. Uamuzi huo umelaumiwa sana, na lawama nyingi ni za haki. Hata hivyo, kwa mji uliokuwa na mashine za chapa chache na umeme wa mashaka, marufuku ya 1974 ilizuia kitu ambacho hakikuwa kinakuja.

Kilichoiumiza Mpanda zaidi ni uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati hata utepe na karatasi za stensili vilipokuwa bidhaa za kutafutwa. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti na kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, biashara binafsi ikafufuka, na katika miaka iliyofuata udhibiti wa kompyuta nao ukalegea. Watu binafsi wakaanza kupata nafasi ya kuchagua, ingawa kwa upande wa kompyuta nafasi hiyo ilibaki kwa muda mrefu Dar es Salaam na katika miji michache mikubwa.

Mahitaji ya Mpanda yalibadilika kwa ghafla mwaka 2012, pale Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa rasmi na mji huo ukawa makao yake makuu. Ofisi ya mkuu wa mkoa, idara zake, na halmashauri ambazo leo ni tano, yaani Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe, zote zilihitaji vyombo vya kazi, na zilivihitaji katika wakati ambao serikali yenyewe ilikuwa ikihamia kwenye mtandao. Wakala wa Serikali Mtandao, uliogeuzwa kuwa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, ulianza kazi mwaka huohuo wa 2012. Mashine za kielektroniki za risiti zilikuwa zimeanza kutumika nchini mwaka 2010, na baada yake maombi ya mikopo ya wanafunzi, ya ajira serikalini na ya usajili wa kampuni yalihamia kwenye intaneti moja baada ya jingine. Mzigo wa maombi hayo uliwaangukia wenye stesheneri, yaani maduka madogo ya kuchapa, kutoa nakala na kujaza fomu. Wao ndio waliokuwa wanunuzi wa kwanza wa Mpanda waliolinganisha kompyuta kwa fedha zao wenyewe, na hasara ya chaguo baya ikabaki kwao.

Umeme ndio uliotawala ulinganisho huo. Kwa miongo mingi Mpanda ilikuwa nje ya Gridi ya Taifa na ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, hali iliyodumu mpaka ujenzi wa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga katika miaka ya 2020. Kompyuta ya mezani huzimika papo hapo umeme unapokatika, na kazi isiyohifadhiwa hupotea, kwa hiyo mwenye kuinunua alipaswa kununua pia kifaa cha kuhifadhi umeme wa dharura, na mara nyingi stabilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha nguvu ya umeme inayopanda na kushuka. Kompyuta mpakato ina betri yake, na chaja zake nyingi hukubali umeme wa volti 100 hadi 240, upana unaoziwezesha kuendelea kufanya kazi pale ambapo umeme dhaifu ungeizima mashine nyingine. Mnunuzi wa Mpanda aliyelipa zaidi kwa kompyuta mpakato hakuwa ananunua uwezo wa kubebeka, maana mashine nyingi kati ya hizo hazikuondoka mezani; alikuwa ananunua saa mbili au tatu za kuendelea na kazi gizani. Wachambuzi wa nchi za viwanda huiweka betri miongoni mwa sifa za msafiri, na kwa Katavi uainishaji huo haufai.

Mashine zilizofika kwa wingi hazikuwa mpya. Kampuni kubwa na mashirika ya Ulaya na Marekani hukodi au kununua kompyuta za kazi kwa maelfu, huzitumia kwa miaka mitatu au minne, kisha huzitoa zote kwa pamoja. Wafanyabiashara huzinunua kwa jumla, nyingi hupitia Dubai, na soko la Kariakoo, Dar es Salaam, huzigawa kwa wauzaji wa mikoani. Miongoni mwazo hutawala jamii za kompyuta zilizoundwa kwa ajili ya ofisi: ThinkPad, iliyoanzishwa na IBM mwaka 1992 na kuhamia Lenovo mwaka 2005, Latitude ya Dell, iliyoanza mwaka 1994, na EliteBook ya HP, iliyoanza mwaka 2008. Hizi hutofautiana na kompyuta za nyumbani kwa bawaba imara, fremu ambayo mara nyingi ni ya aloi ya magnesi, kibodi inayostahimili maji kidogo, na vipuri vinavyopatikana kwa muda mrefu. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: mwenye stesheneri wa Mpanda mwenye fedha kidogo hupata mashine ambayo ilikwisha kupimwa na maafisa ununuzi wa benki fulani ya Ulaya, kwa bei ambayo dukani ingempatia mashine mpya ya plastiki. Kwa maana hiyo chaguo la kwanza bado hufanyika mbali, kama zama za Crown Agents, ila safari hii linamnufaisha.

Lakini mtumba una mitego yake, na utaalamu wa kuiepuka ndio ujuzi mpya wa mjini. Mashine iliyotoka Ujerumani ina herufi Z na Y zilizobadilishana nafasi, na ile ya Ufaransa huanza safu yake ya juu kwa A badala ya Q, hivyo muuzaji hubandika stika juu ya vitufe. Nyingine huja na nywila ya kampuni iliyowekwa kwenye BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta kabla ya kitu kingine chochote, na kuiondoa si kazi ya kila fundi. Betri huonekana nzima mpaka ipimwe, na mnunuzi mwenye maarifa huandika amri ya powercfg /batteryreport, inayotoa taarifa ya ujazo wa betri ilipotoka kiwandani na ujazo iliobaki nao. Vumbi la kiangazi hujaa kwenye feni, na diski ya SSD, isiyo na sehemu inayozunguka, hupendelewa kuliko diski ngumu ya zamani hata kama ujazo wake ni mdogo. Na bei ya Kariakoo, inayopangwa kwa maneno mengi ya mawinga, yaani madalali wanaomwongoza mteja dukani kwa malipo, haijumuishi nauli ya kuirudisha mashine mbovu kwa zaidi ya kilomita elfu moja.

Halmashauri hulinganisha kwa njia nyingine kabisa. Sheria za ununuzi wa umma, kuanzia ile ya 2001 hadi ile ya 2023, zimejenga utaratibu wa kueleza sifa za kiufundi badala ya kutaja chapa, au chapa ikitajwa iongezewe maneno yanayoruhusu bidhaa inayolingana nayo, na tangu mwaka 2023 zabuni hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Utaratibu huo hulinda fedha za umma dhidi ya upendeleo, lakini sifa zinazoandikika kwa urahisi ni zile zenye tarakimu, kama ukubwa wa kumbukumbu na wa diski, ilhali ugumu wa bawaba na ukaribu wa fundi haviandikiki kirahisi kwenye jedwali.

Mwaka 2025 uliongeza kigezo ambacho hakikutoka Mpanda wala Dodoma. Tarehe 14 Oktoba Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inayoifuata haiungi mkono rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, kile kilichotoka mwaka 2017 na kuleta viini vinne badala ya viwili katika kompyuta nyembamba za kazi. Mstari huo wa kizazi cha nane umegawa mashine za mtumba katika makundi mawili, ingawa kwa nje huwa vigumu kuyatofautisha. Kwa mwenye stesheneri anayechapa barua na kutoa nakala, mashine ya kizazi cha saba yenye diski ya SSD bado inaweza kuwa ununuzi wa busara ikiwa bei yake imeshuka vya kutosha. Kwa mhasibu wa chama cha msingi cha ushirika anayehifadhi majina, kilo na malipo ya wakulima wa tumbaku, mashine isiyopokea tena marekebisho ya usalama ni ghali hata ikiuzwa kwa nusu ya bei.