Mheshimiwa Butler na Sheria Yake

Ukitaja kesi ya Scopes ya mwaka 1925, wengi watamkumbuka mwalimu aliyeshtakiwa kwa kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama. Wajuzi watakuongezea mawakili, Darrow na Bryan. Lakini aliyeitunga ile sheria? Kimya!

Jamaa aliitwa John Washington Butler, mkulima wa kaunti ya Macon, jimbo la Tennessee, Marekani. Alikuwa Mbatisti wa msimamo mkali. Ubunge wake wa jimbo ulianza 1923, ukaisha 1927. Vipindi viwili, basi, na katika hivyo tunakumbuka karatasi moja tu.

Muswada wake ulikuwa mfupi: mwalimu anayelipwa na serikali asikane habari za uumbaji zilizomo katika Biblia na kufundisha kwamba mtu katokana na mnyama wa daraja la chini. Faini, dola 100 mpaka 500. Wabunge 71 wakasema ndiyo, 5 wakakataa. Seneti ikapitisha kwa 24 dhidi ya 6. Gavana Peay akatia sahihi, huku akisema huenda sheria hiyo isitumike kamwe. Ajabu ya viongozi hiyo: kupitisha kitu kwa kutegemea kwamba hakitafanya kazi. Na kumbe kitabu cha biolojia kilichoidhinishwa na jimbo lenyewe kilikuwa na somo lile lile!

Kesi ilipoanza Dayton mwezi Julai, waandishi wa mijini walimiminika. H. L. Mencken wa Baltimore aliwacheka wanavijiji mpaka basi. Ni rahisi, na sisi wa mjini tunaoshika kalamu tunaijua sana raha hiyo. Ila Butler naye alikuwepo, akiandikia magazeti. Jaji Raulston alipowazuia wanasayansi wasitoe ushahidi mbele ya baraza la wazee wa mahakama, Butler hakushangilia. Alitaka wasikilizwe. Mtu mwenyewe aliyelifunga somo darasani alikuwa na hamu ya kulisikia mahakamani! Mimi hapo kicheko kilinikauka.

Hamu yake lakini haikumsaidia mwalimu yeyote. Scopes alitozwa dola 100, na mwaka 1927 Mahakama Kuu ya jimbo ikaifuta hukumu kwa sababu faini ilipangwa na jaji badala ya baraza. Sheria haikuguswa. Ilifutwa mwaka 1967, Butler akiwa kaburini miaka 15.