Visima vya Maikona

Kwetu Nyakoe mgomba mmoja ukiinama upande wa jirani, kesi inafika kwa chifu. Si ubishi tu: sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii, katika kilomita za mraba 1,300 hivi. Marsabit, nilikopelekwa kufundisha, ina eneo linalokaribia kilomita za mraba 71,000 na watu 459,785.

Sisi walimu kutoka bara tulifika Maikona, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, juu ya lori la mbuzi na magunia ya unga. Ardhi hatukuona ikipimwa popote. Lakini kila kisima kilikuwa na mwenyewe, yaani ukoo ambao wazee wake walikichimba, na msimamizi wa zamu. Mifugo ilisubiri siku yake. Ngamia, anayestahimili kiu wiki nzima na zaidi, alizidi kusubiri. Mpita njia hakunyimwa maji ya kunywa. Mwenye ngamia mia asiye na zamu, huyo alibembeleza.

Serikali ya mkoloni haikutaka kuelewa utaratibu huo. Sheria ya 1902, na nyingine ya 1934, zilifunga kaskazini: kuingia kwa kibali, kutoka kwa kibali. Makabila yakachorewa mistari ya malisho, na aliyeifuata mvua ng'ambo ya mstari alitozwa faini ya mifugo. Uhuru ukaja Desemba 1963. Mwezi huohuo hali ya hatari ikatangazwa huko, ikadumu hadi 1991. Wenyeji wakisafiri kwenda Nairobi walisema wanakwenda Kenya, wala hakuna aliyecheka.

Kwa maoni yangu, karatasi ya serikali nambari 10 ya 1965 iliumiza kuliko jua. Ilisema fedha za maendeleo ziende penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Mvua ya Nyakoe, ambayo hatukuitolea jasho, ikatuletea shule; lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale ilingoja miaka ya 2010.

Siku hizi ule upepo uliokuwa ukitujaza mchanga machoni unauzwa. Karibu na Loiyangalani, hukohuko Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo, na umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Ekari 150,000 za malisho zilikuwa zimeandikiwa hati kwa ajili ya mradi huo. Wafugaji walishtaki, na Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati hizo zilitolewa kinyume cha sheria.