Mpokezi Asiyejulikana

Mwishoni mwa Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wanaoitengeneza hifadhidata ya PostgreSQL, aliona jambo ambalo wengi wetu tungelipita. Kuingia kwenye mashine yake kwa SSH kulikuwa kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Hakuwa anawinda mwizi. Alikuwa anapima kasi ya kazi nyingine kabisa, na ucheleweshaji ule ulimvurugia vipimo. Akafuatilia mpaka akafika kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili ambayo karibu kila mfumo wa Linux unayo. Tarehe 29 akatangaza hadharani kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yana mlango wa nyuma: mwenye ufunguo wake angeweza kuiamuru seva ya mtu atakavyo, bila nenosiri. Mifumo ya Linux ya Debian na Fedora ilikuwa imeshayaingiza kwenye matoleo yake ya majaribio.

Aliyeuweka mlango huo alitumia jina la Jia Tan. Akaunti yake ilianza kuonekana mwaka 2021, ikileta marekebisho madogo yasiyo na kasoro. Mwaka 2022 majina mengine mawili, Jigar Kumar na Dennis Ens, yakaanza kumsonga Lasse Collin, Mfini aliyekuwa ameitunza xz kwa miaka mingi bila malipo. Wakalalamika kwamba kazi inasuasua, kwamba watumiaji wamechoka kusubiri, kwamba amkabidhi mwingine. Na huyo mwingine, kwa bahati nzuri kabisa, alikuwepo tayari: mpole, mchapakazi, hachoki. Baada ya muda akapewa ruhusa ya kutoa matoleo mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwona uso, na haijathibitishwa hadharani kama ni mtu mmoja au kundi lenye kulipwa mshahara.

Mtu aliyekaa darasa la elimu ya hadithi za Mtume, iwe kwenye Msikiti wa Riyadha wa Lamu au kwenye baraza ya msikiti wa mtaani Unguja, angekuwa na hukumu ya Jia Tan kabla hajafika nusu ya taarifa ile. Majhul: mpokezi asiyejulikana. Na riwaya ya majhul haijengewi hoja, hata maneno yake yawe matamu namna gani.

Nalinganisha mapokeo haya mawili kwa sababu yalikutana na tatizo lile lile na kila moja likashika ncha yake. Wanazuoni wa hadithi waliishika sanadi: nani kapokea kwa nani, na ni mtu wa namna gani. Waandishi wa programu huria waliishika matini: msimbo uwe wazi, kila mwenye macho ausome, mwandishi awe nani haidhuru. Upande huu wa pili una nasaba yake yenye heshima. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika, kuhusu siri za kijeshi, kwamba mfumo wa kuficha maandishi unapaswa kubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, kwani siri iwe kwenye ufunguo tu. Kutoka hapo mtu anafika bila taabu kwenye imani kwamba msimbo ulio wazi ndio salama, kwa kuwa macho mengi hayaachi kosa lijifiche. Ni imani nzuri. Nimeifuata miaka mingi na sijaiacha. Lakini xz ilikuwa wazi kwa kila mtu.

Muhammad bin Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 729, anapokewa kusema kwamba hapo mwanzo watu hawakuwa wakiulizia sanadi. Ilipotokea fitna ndipo wakaanza kutaka watajiwe wapokezi. Imamu Muslim aliitia kauli hiyo katika utangulizi wa kitabu chake. Sasa tazama Linux. Kampuni ya SCO iliishtaki IBM mwaka 2003, ikidai kwamba msimbo wake umechomekwa ndani ya Linux. Mwaka 2004 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaanzisha desturi ambayo ipo hadi leo: kila kiraka kinachoingia kwenye kiini cha Linux kibebe chini yake mstari wa saini wa aliyekiandika, na kila msimamizi anayekipitisha aongeze mstari wake chini ya huo. Ukikifungua kiraka cha kawaida utakuta majina mawili, matatu, wakati mwingine zaidi, yamepangana kutoka kwa mwandishi mpaka kwa aliyekipeleka kwa Torvalds. Hiyo ni sanadi, sina neno jingine la kuiita. Nayo ilizaliwa na fitna, ingawa hii ilikuwa ya mawakili.

Waliounda desturi hiyo walifikiria umiliki, hawakufikiria wezi. Mstari ule unathibitisha kwamba mtu ana haki ya kukitoa anachokitoa. Hausemi lolote kuhusu uaminifu wake. Wanazuoni wa hadithi walianzia pale ambapo mstari ule unaishia. Kwao jina halikutosha. Walimpima mpokezi kwa vitu viwili walivyovitenganisha kwa makusudi: uadilifu, yaani mwenendo na ukweli wake, na dhabti, yaani umakini wake katika kuhifadhi na kufikisha. Mtu aweza kuwa nacho kimoja akakosa cha pili. Yahya bin Said al-Qattan, mhakiki mkubwa wa Basra, alilalamika kwamba hakuwaona wachamungu wakikosea katika kitu kama wanavyokosea katika hadithi. Wazee wale walikuwa wakifunga na kuswali usiku, na bado riwaya zao zilikataliwa kwa sababu hawakuwa makini. Sioni hukumu yenye ujasiri kuliko hiyo: kumwambia mcha Mungu usoni kwamba wema wake haumfanyi awe mpokezi.

Ulimwengu wa kompyuta unayachanganya haya mawili mpaka leo. Kasoro iliyoitwa Heartbleed, iliyotangazwa Aprili 2014, ilikuwa ya dhabti tupu. Mwandishi wa kipande chenye kasoro cha OpenSSL, programu ya kufichia mawasiliano ya seva, hakuwa na nia mbaya. Alisahau kuhakiki urefu wa ujumbe unaoingia, na aliyempitia naye hakuona. Kwa zaidi ya miaka miwili seva za dunia nzima zilikuwa tayari kumwaga vipande vya kumbukumbu zao kwa yeyote anayejua kuuliza. Dawa yake ni macho, majaribio na fedha za kuwalipa wakaguzi. Jia Tan, kinyume chake, alikuwa na dhabti ya kutamanika. Alichokosa ni uadilifu, na dhidi ya hilo kuongeza macho kunasaidia kidogo tu, kwa kuwa mwenye hila anajua macho yanaangalia wapi.

Na alijua. Sehemu iliyouamsha ule mlango haikuwamo kabisa katika hazina ya msimbo ambayo umma unaisoma. Ilikuwa ndani ya furushi la toleo, lile faili lililofungwa ambalo Debian na wenzake hulichukua kujengea programu. Mzigo wenyewe ulijificha ndani ya mafaili ya majaribio, yale ambayo hayafunguliwi na mtu kwa sababu yanatakiwa yawe yameharibika. Kulikuwa na hila nyingine ndogo zaidi. Katika faili moja la maelekezo ya ujenzi Jia Tan alichomeka nukta moja mwanzoni mwa mstari. Nukta ile ilifanya jaribio fulani lishindwe kila mara, na jaribio likishindwa kinga iitwayo Landlock haiwashwi. Mtu akipitia mabadiliko yale kwenye skrini ataichukulia nukta ile kuwa doa la kioo. Wanazuoni wa hadithi walikuwa na mlango mzima wa elimu juu ya makosa ya nukta, kwa kuwa herufi nyingi za Kiarabu hutofautiana kwa nukta tu. Ad-Daraqutni wa Baghdad aliandika kitabu juu yake katika karne ya 10. Walikuwa pia na kanuni ya muqabala: ukishanakili kitabu cha mwalimu, nakala yako haihesabiki mpaka uilinganishe na asili yake. Tangu mwaka 2013 watu wa Debian wanafanya kazi inayofanana sana na hiyo, ya kuhakikisha kwamba ukijenga programu upya kutoka kwenye msimbo wake unapata faili lile lile, biti kwa biti. Kama furushi la xz lingelinganishwa na hazina yake, faili la ziada lingeonekana.

Ken Thompson, mmoja wa wawili walioanzisha Unix, alikwishaonyesha mwaka 1984 kwamba hata muqabala una mwisho wake. Katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing alieleza jinsi ya kuitia sumu kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kwa lugha ya mashine, ili iingize mlango wa nyuma katika programu nyingine, kisha ijitie sumu hiyo hiyo yenyewe kila inapojengwa upya, ilhali msimbo wake ukisomwa uko safi. Matini ni njema, kitu kilichozaliwa nayo ni kibovu. Kwa Thompson swali linarudi kwa watu walioandika, na ndipo wahandisi wengi hufunga kitabu, kwa sababu hawapendi kuhukumu watu.

Nawaelewa. Swali la mtu lina hatari zake, na hapa ndipo wepesi wa kusema “basi kila mchangiaji alete pasipoti” unaponitia shaka. Pasipoti hughushiwa na dola ikitaka, na wapo wachangiaji wema ambao kutajwa jina kwao ni kifungo. Fani ya hadithi haikudai kitambulisho cha aina hiyo. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1071, aliweka kipimo kwamba mtu hatoki kwenye hali ya kutojulikana mpaka wapokee kutoka kwake wanazuoni wawili au zaidi wanaojulikana, na hata hapo uadilifu wake bado haujathibiti. Msingi wake ni ushahidi wa wanaojulikana. Nani aliyemshuhudia Jia Tan? Jigar Kumar na Dennis Ens. Majhul wawili wakimpigia debe majhul wa tatu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeitupa sanadi hiyo. Linux yenyewe ilikuwa ikidai jina halisi, mpaka mwaka 2023 Torvalds alipolegeza sharti likawa utambulisho unaojulikana, bila kufungua mlango kwa wasiojulikana kabisa. Sidhani alikuwa amemsoma al-Khatib, lakini walifika mahali pamoja.

Phil Zimmermann, aliyetoa programu ya usimbaji ya PGP mwaka 1991, alijaribu jambo la karibu na hilo. Watu hawakupaswa kumtegemea msajili mmoja. Kila mmoja angesaini ufunguo wa anayemjua, na imani ingesambaa kutoka mkono hadi mkono. Debian bado inaitumia desturi hiyo kwa watunzaji wake, ambao hukutana ana kwa ana na kuonyeshana vitambulisho kabla ya kusaini. Kwingineko kwingi ilififia. Watu walisainiana ovyo kwenye mikutano, na saini ilithibitisha tu kwamba huyu ndiye mwenye jina lile, haikusema ni mtu wa kweli wala makini. Ilikosekana jarh na taadil, kule kusema hadharani kwamba fulani ni madhubuti, fulani ni mwongo, fulani alikuwa sawa mpaka uzeeni alipochanganyikiwa.

Tovuti za kawaida zilifuata njia ya tatu, ya kuamini ofisi. Kivinjari chako kinaziamini mamlaka kadhaa za vyeti, na mamlaka ikisema huyu ni Google, ni Google. Juni 2011 wavamizi waliingia katika DigiNotar ya Uholanzi, na mwezi uliofuata wakajitolea vyeti zaidi ya 500, kimojawapo cha Google, na barua pepe za watu wa Iran zikasomwa kwa hicho. Serikali ya Uholanzi yenyewe ilikuwa mteja wa kampuni hiyo. Mwezi Septemba kampuni ikafilisika. Tiba iliyopatikana baadaye ilikuwa kuzilazimisha ofisi hizo ziandike kila cheti kwenye daftari la wazi, ambapo yeyote anaona nani kampa nani na lini.

Ulinganisho huu una mahali unapokatika, nami sitaki kuuvuta kupita hapo. Wahakiki wa hadithi mara nyingi waliwahukumu watu waliokwisha kufa, wakiwa na vizazi viwili vitatu vya riwaya za kulinganisha. Mtunzaji wa programu anatakiwa aamue leo jioni kuhusu mgeni aliyeleta kiraka saa tano zilizopita. Sanadi nazo ziliwahi kughushiwa. Joseph Schacht alishikilia mwaka 1950 kwamba nyingi zilirefushwa kurudi nyuma ili zimfikie Mtume, na wanazuoni Waislamu wamemjibu kwa kina bila mjadala kwisha. Katika Git, chombo cha kutunzia historia ya msimbo, mambo ni mepesi zaidi: jina la mwandishi ni lile unaloliandika mwenyewe.

Bado kuna kitu kimoja ambacho sisi wa pwani tunakijua na ambacho kompyuta hazina. Sheikh Abdalla Saleh Farsy alikusanya kitabu cha Kiswahili, kilichotoka mwaka 1972, juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki: nani alisoma kwa nani, wapi, alifundisha kina nani. Ukikutana na jina la sheikh wa Mombasa au Ngazija unaweza kulifuata mpaka Hadhramaut. Hakuna kitabu cha namna hiyo juu ya watunzaji wa programu ndogo ambazo mabenki yetu yamesimama juu yake. Kuna idadi ya michango, kuna nyota za kupongezana, kuna picha ya katuni. Lasse Collin aliwaandikia waliomsonga kwamba hiyo ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo, na barua hiyo ilikaa hadharani karibu miaka miwili.

Baada ya kashfa likaja swali la kifiqhi kabisa: tufanye nini na kazi za zamani za Jia Tan? Ahmad bin Hanbal alishikilia kwamba aliyemzulia Mtume uongo kwa makusudi, hata akitubia, riwaya yake haipokewi tena. Wasimamizi wa Linux waliuelekea msimamo huo Aprili 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipoonekana kuwatumia viraka vibovu kama jaribio: walikipiga marufuku chuo kizima na kuanza kuvikagua upya viraka vyake vyote vya nyuma, vingi vikaonekana havina kasoro. Kuhusu xz, Debian walirudi haraka kwenye toleo la 5.4.5, na kwa kuwa mfumo wao hauruhusu namba kushuka wakalipa jina la kuchekesha, 5.6.1+really5.4.5. Wengine wakasema hapana, 5.4.5 nayo ina mkono wa Jia Tan, turudi mpaka kabla hajaja. Mei 2024 Collin alitoa 5.6.2 ambayo mlango ule umeondolewa.